Mizizi ya Kinormani katika Majina ya Ukoo ya Kiingereza: Asili, Maana na Mipaka ya Ushahidi wa Jina

Ikisiri

Makala haya yanafafanua asili na maana za majina ya ukoo ya Kiingereza yenye mizizi ya Kinormani, yaani majina yaliyoingia Uingereza, au yaliyoundwa huko, kutokana na uvamizi wa mwaka 1066. Majina hayo yamegawanywa katika makundi matano: majina yatokanayo na mahali, majina yatokanayo na majina binafsi, majina yenye kitangulizi Fitz, majina ya kazi na vyeo, na majina ya lakabu. Hoja kuu ya makala ni kwamba mzizi wa Kinormani wa jina na nasaba ya Kinormani ya mwenye jina ni mambo mawili tofauti, na kwamba kuyachanganya kumezaa makosa mengi katika uandishi wa historia za koo. Mifano iliyochambuliwa inaonesha kuwa jina la ukoo ni ushahidi mzuri wa historia ya lugha na ya matabaka, lakini ni ushahidi dhaifu wa damu.

Istilahi muhimu: onomastiki, jina la ukoo, Wanormani, etimolojia, nasaba, lakabu

1.0 Utangulizi

Ugumu wa mada hii unaweza kuoneshwa kwa majina mawili tu, Stewart na Taylor. Jina Stewart limetokana na neno la Kiingereza cha Kale stigweard, lenye maana ya 'mlinzi wa nyumba', yaani msimamizi wa nyumba ya mtu mkubwa. Hata hivyo, Walter fitz Alan, aliyefariki mwaka 1177 na ambaye cheo chake cha usimamizi wa nyumba ya mfalme wa Uskoti ndicho kilichokuja kuwa jina la ukoo wa kifalme wa nchi hiyo, hakuwa Mwingereza kwa nasaba. Wahenga wake walishika cheo cha namna hiyo huko Dol, katika Brittany, na walivuka bahari baada ya uvamizi. Jina Taylor, kwa upande wake, limetokana na neno la Kifaransa cha Kale lenye maana ya 'mkataji', yaani mkata nguo, na ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea zaidi Uingereza. Haiwezekani kudai kwamba washonaji wote wa vijiji vya Uingereza walitoka Normandy.

Kwa hiyo, jina la kwanza ni la Kiingereza lakini limebebwa na ukoo uliotoka ng'ambo. Jina la pili ni la Kifaransa lakini limebebwa na koo za wenyeji. Mtafiti anayeanza kwa kuuliza kama jina fulani 'ni la Kinormani' anauliza maswali matatu kwa pamoja: neno lililounda jina ni la lugha gani, jina liliingia Uingereza kwa njia gani, na mtu wa kwanza kulirithisha alikuwa nani. Maswali haya yana majibu tofauti, na kila moja linahitaji ushahidi wake. Makala haya yanayatenganisha maswali hayo katika uchambuzi wa kila kundi la majina.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Wanormani wenyewe hawakuwa watu wa asili moja. Jina lao lina maana ya 'watu wa kaskazini', nao walitokana na Waskandinavia waliopewa ardhi kuzunguka mdomo wa mto Seine mwaka 911, chini ya kiongozi wao Rollo. Katika muda wa vizazi vichache waliacha lugha yao, wakachukua Kifaransa pamoja na dini ya Kikristo. Waliovuka bahari pamoja na William, Duki wa Normandy, mwaka 1066 hawakuwa Wanormani pekee. Miongoni mwao walikuwamo watu wa Brittany na wa Flanders. Baada ya ushindi wa Hastings tarehe 14 Oktoba 1066, William alitawazwa kuwa mfalme siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Kitabu cha Domesday, yaani orodha ya ardhi na wamiliki wake iliyoandaliwa mwaka 1086, kinaonesha kuwa katika miaka 20 tu tabaka la juu la Waingereza lilikuwa limenyang'anywa sehemu kubwa mno ya ardhi yake.

Kabla ya uvamizi, Mwingereza alikuwa na jina moja, kama Godwin, Leofric au Wulfstan. Pale ilipobidi kumtofautisha mtu na mwingine, aliongezewa jina la baba, la mahali au la sifa, lakini nyongeza hiyo haikurithiwa. Mfalme Harold aliyeuawa Hastings aliitwa mwana wa Godwin kwa sababu baba yake alikuwa Godwin. Watoto wake hawakuitwa hivyo.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba Wanormani walifika wakiwa na mfumo uliokamilika wa majina ya ukoo. Miongoni mwao pia urithishaji wa majina ndio kwanza ulikuwa unaanza. Mfano bayana ni wa ndugu wawili, watoto wa Gilbert wa Brionne. Mmoja, Richard, anajulikana katika kumbukumbu kama Richard fitz Gilbert kwa jina la baba yake, Richard wa Bienfaite kwa ardhi yake ya Normandy, na Richard wa Tonbridge na wa Clare kwa ardhi zake za Uingereza. Ndugu yake Baldwin aliitwa fitz Gilbert na pia wa Meulles. Wazao wa Richard walijulikana hatimaye kwa jina la Clare, ambalo ni la kijiji cha Suffolk. Hivyo mojawapo ya koo kubwa za Kinormani ilipata jina lake katika udongo wa Uingereza.

Kilicholifanya jina lirithiwe ni ardhi. Mrithi aliyedai shamba la baba yake alihitaji kuonesha uhusiano wake na mmiliki wa awali, na jina lilelile lilikuwa hati ya kwanza ya dai hilo. Kutoka kwa wenye ardhi kubwa desturi ilishuka polepole kwa wafanyabiashara wa mijini na wakulima. Mahakama za makabaila na kodi ya kichwa iliyotozwa miaka ya 1377, 1379 na 1381 zilihitaji kumtambua kila mtu kwa usahihi. Katika Welisi mchakato huo ulichelewa, na koo nyingi huko zilipata majina yasiyobadilika kuanzia karne ya 16 na kuendelea.

3.0 Makundi ya Majina na Maana Zake

3.1 Majina yatokanayo na mahali

Hili ndilo kundi ambalo ushahidi wake wa asili ya Kinormani ni wa moja kwa moja zaidi, kwa kuwa jina linataja kijiji au mji ambao bado upo. Jina Mortimer linatokana na Mortemer, mahali ambapo jina lake lina maana ya 'maji yaliyokufa', yaani bwawa lisilotiririka. Devereux ni 'wa Évreux', na jina la mji huo limetokana na kabila la Wagalia lililoitwa Eburovices. Hivyo jina la 'Kinormani' linafika hadi lugha iliyozungumzwa kabla ya Warumi. Lacy linatokana na Lassy, Bohun na Bohon, Bruce na Brix, na Curzon na Courson. Neville ni 'mji mpya'. Beaumont ni 'mlima mzuri', na Beauchamp ni 'uwanja mzuri'. Montgomery ni 'mlima wa' mtu mwenye jina la Kijerumaniki. Roger wa Montgomery aliupeleka mpakani mwa Welisi, ambako mji na kisha wilaya nzima viliitwa hivyo.

Viambishi vya majina haya vinasimulia historia ya Normandy yenyewe. Kiishio -ville, chenye asili ya Kilatini na maana ya shamba au makazi, mara nyingi kimeambatana na jina la mtu. Angerville, kwa mfano, lina jina la Kiskandinavia Ásgeirr mbele ya neno hilo la Kilatini. Katika jina moja yanakutana mabaharia wa kaskazini na mashamba ya kirumi waliyoyakuta.

Hata hivyo, kihusishi 'de' katika kumbukumbu za zamani hakikuwa alama ya ukabaila. Kilionesha mahali mtu alikotoka au alichomiliki. Mpishi au mpiga upinde aliyetoka kijiji cha Percy angeweza kuitwa 'de Percy' sawasawa na bwana wa kijiji hicho. Kwa hiyo hata katika kundi hili, lenye uthibitisho imara zaidi wa mahali, jina huthibitisha chimbuko la mtu mmoja tu wa zamani. Halithibitishi hadhi yake.

3.2 Majina yatokanayo na majina binafsi

Athari kubwa zaidi ya Wanormani katika majina ya Waingereza haikuja kwa koo zao bali kwa majina waliyowapa watoto wao. William, Robert, Richard, Roger, Hugh, Ralph, Walter, Gilbert na Henry ni majina ya asili ya Kijerumaniki yaliyofika Uingereza kwa kupitia Kifaransa. William limeundwa kwa maneno mawili, 'nia' na 'kofia ya chuma'. Robert ni 'sifa' na 'mng'ao'. Richard ni 'mamlaka' na 'ushupavu'. Roger ni 'sifa' na 'mkuki'. Walter ni 'utawala' na 'jeshi'. Gilbert ni 'amana' na 'mng'ao'. Hugh ni 'moyo' au 'akili'.

Wakulima wa Kiingereza waliyaiga majina ya mabwana wao kwa kasi ya kushangaza. Kufikia karne ya 13 majina mengi ya Kiingereza cha Kale yalikuwa yameachwa. Machache yaliyodumu, kama Edward, yalilindwa na heshima ya kidini. Hilo ni jina la mfalme aliyefariki Januari 1066 na baadaye kutangazwa mtakatifu. Mengine yalibaki tu ndani ya majina ya ukoo, kama vile Godwin na Aldridge.

Uigaji huu ulitokea wakati uleule majina ya ukoo yalipokuwa yakijengeka. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya majina ya ukoo ya kawaida kabisa ina mzizi wa Kinormani: Williams, Wilson na Wilkinson kutokana na William; Roberts, Robinson, Hobson na Dobson kutokana na Robert; Richardson, Dixon, Hicks na Dickens kutokana na Richard; Rogers na Hodgson kutokana na Roger; Hughes na Hewitt kutokana na Hugh; Watson kutokana na Walter; Gibson kutokana na Gilbert; Harrison na Harris kutokana na Henry.

Jina Robinson linastahili kuchambuliwa kwa makini. Shina lake, Rob-, ni kifupisho cha jina la Kijerumaniki lililoletwa na Wanormani. Kiambishi -in ni cha Kifaransa na huonesha udogo au mapenzi. Kiishio -son, 'mwana', ni cha wenyeji, yaani Waingereza na Waskandinavia waliokuwa wamehamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kabla ya 1066. Jina moja lina tabaka tatu za lugha, na hakuna hata moja kati yake inayoeleza damu ya Robinson wa kwanza. Alikuwa mtu ambaye mzazi wake aliitwa kwa jina lililopendwa wakati huo.

Hali ni bayana zaidi katika Welisi. Majina Pritchard, Probert na Pugh yametokana na ap Richard, ap Robert na ap Hugh, ambapo ap ni 'mwana wa' kwa Kiwelisi. Sauti ya mwisho ya neno hilo imeungana na jina la baba. Shina ni la Kinormani, sarufi ni ya Kiwelisi, na koo ni za Wawelisi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji ufafanuzi mrefu juu ya jambo hili, kwa kuwa anajua kwamba jina Abdallah, likibebwa na mtu wa Tabora au wa Kigoma, halimfanyi kuwa Mwarabu.

3.3 Majina yenye kitangulizi Fitz

Kitangulizi Fitz kinatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya 'mwana', na kazi yake ni ileile ya neno bin katika majina ya Waswahili: Fitzgerald ni bin Gerald, na Fitzwilliam ni bin William. Mwanzoni kilibadilika katika kila kizazi, kama bin inavyobadilika, kisha katika koo kadhaa kikaganda. Wazao wa Gerald wa Windsor, waliokuwa miongoni mwa wavamizi wa Ayalandi kuanzia mwaka 1169, ndio walioeneza jina Fitzgerald katika kisiwa hicho.

Dhana mbili potofu zimeshikamana na kitangulizi hiki. Ya kwanza ni kwamba Fitz huashiria mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Dhana hii imetokana na desturi ya baadaye ya wafalme kuwapa watoto wao wa nje jina Fitzroy, 'mwana wa mfalme', kama ilivyokuwa kwa Henry Fitzroy, aliyezaliwa mwaka 1519 akiwa mwana wa Mfalme Henry VIII. Katika karne ya 11 na ya 12 Fitz haikuwa na maana hiyo. Dhana ya pili ni kwamba kila Fitz ni Mnormani. Fitzpatrick ni tafsiri ya jina la Kigaeli Mac Giolla Phádraig, 'mwana wa mtumishi wa Patrick', lililovikwa vazi la Kinormani katika karne ya 16, wakati machifu wa Ayalandi walipokuwa wakijisalimisha kwa mfalme wa Uingereza. Jina lilibadilishwa kwa sababu za kisiasa. Ukoo ulibaki uleule wa Kigaeli.

3.4 Majina ya kazi na vyeo

Baada ya uvamizi, lugha ya jumba la bwana ilikuwa Kifaransa, na kazi zilizohusiana na jumba hilo zilipata majina ya Kifaransa. Butler alikuwa mtunza chupa na divai. Spencer alikuwa mgawaji wa vyakula na mahitaji ya nyumba. Chamberlain alihudumu chumbani mwa bwana. Page alikuwa kijana mtumishi. Parker alilinda mbuga ya mawindo. Ufundi wa mijini pia ulipata majina ya lugha hiyo: Mason ni mwashi, Carpenter ni seremala, Fletcher ni mtengeneza mishale, Draper ni mwuza vitambaa, na Barber ni kinyozi. Kwa upande mwingine, kazi nyingi za kijijini zilibaki na majina ya Kiingereza: Smith, mhunzi, Baker, mwokaji, Shepherd, mchungaji wa kondoo. Mgawanyiko huu si kamili, lakini unaonesha wazi mahali ambapo lugha mbili zilikutana.

Maana ya jina la cheo ilitegemea nyumba iliyohusika. Marshall limeundwa kwa maneno mawili ya Kijerumaniki, 'farasi' na 'mtumishi'. Kijijini alikuwa mtunza na mganga wa farasi. Katika nyumba ya mfalme alikuwa ofisa mkubwa. William Marshal, aliyefariki mwaka 1219 baada ya kushika hatamu za serikali kwa niaba ya mfalme mtoto, alirithi jina hilo kutoka kwa baba aliyeshika cheo cha kifalme. Vivyo hivyo, ukoo wa Butler wa Ayalandi umetokana na Theobald Walter, aliyepewa cheo cha mtunza divai mkuu wa nchi hiyo mwishoni mwa karne ya 12, ilhali Butler wengine walikuwa watumishi wa kawaida. Jina halitofautishi makundi haya mawili.

3.5 Majina ya lakabu

Wanormani hawakuwa na haya katika kupeana lakabu. Russell ni 'mwekundu mdogo', yaani mwenye nywele nyekundu. Blunt au Blount ni mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Grant ni 'mkubwa' au 'mrefu'. Basset ni 'mfupi'. Giffard ni mwenye mashavu manene. Corbett ni 'kunguru mdogo'. Lovell ni 'mbwamwitu mdogo'. Purcell ni 'mtoto wa nguruwe'. Fortescue, 'ngao imara', ni miongoni mwa machache yanayosifu ushujaa. Grosvenor, linalohusishwa leo na utajiri wa ardhi katikati ya London, lina maana ya 'mwindaji mnene' au 'mwindaji mkuu'.

Lakabu hizi zina wenza wao wa Kiingereza wenye maana ileile. Russell anafanana kwa maana na Reed au Reid, 'mwekundu', na Blunt anafanana na Fairfax, 'mwenye nywele nzuri'. Jozi kama hizo zinathibitisha kuwa jamii moja ilikuwa na njia mbili za kulitaja umbo lilelile la mwanadamu, na kwamba uteuzi wa njia ulitegemea lugha ya mtaja jina, wala si lazima lugha ya mtajwa.

4.0 Ushahidi wa Sauti na wa Maandishi

Fonolojia humsaidia mtafiti kutenga Kinormani na Kifaransa cha Paris. Kwanza, Kinormani kilihifadhi sauti w ya Kijerumaniki pale ambapo Kifaransa cha kati kiliweka g. Ndiyo sababu Waingereza wana William na Walter wakati Wafaransa wana Guillaume na Gautier, na jina Waring lina pacha wake Guérin upande wa pili wa bahari. Jina Wishart ni umbo la kaskazini la Guiscard. Pili, Kinormani kilihifadhi sauti k mbele ya a, ambapo Kifaransa cha kati kiliigeuza. Carpenter ni umbo la Kinormani, ilhali Wafaransa wana Charpentier. Campion na Champion, Caplin na Chaplin ni jozi za neno moja lililoingia kwa milango miwili.

Sauti pia zilibadilika midomoni mwa Waingereza. Kihusishi 'de' kiliungana na irabu iliyofuata, na hivyo kuzaa Devereux na Dangerfield. Jina hili la mwisho ni Angerville iliyotajwa hapo juu. Kiishio -ville, kisichokuwa na maana kwa msikilizaji wa Kiingereza, kiligeuzwa kuwa -field, 'uwanja', na maana mpya kabisa ikaonekana kana kwamba ni ya asili. Bloomfield nalo linaweza kutokana na Blonville, mji wa pwani ya Normandy. Lakini Bloomfield wengine ni wazao wa Wayahudi waliobadilisha jina Blumenfeld walipohamia nchi za Kiingereza, na hakuna herufi hata moja katika jina inayowatofautisha. Beauchamp lilikuja kutamkwa, na mara nyingine kuandikwa, Beecham, hata asili yake ikafichika.

Maandishi yenyewe yana mtego wake. Makarani wa mahakama na wa kodi waliandika Kilatini au Kifaransa huku wakihoji watu waliozungumza Kiingereza. Mhunzi aliyeitwa Smith na majirani zake angeweza kuandikwa Faber kwa Kilatini au le Fevre kwa Kifaransa, kulingana na mazoea ya karani. Sheria ya mwaka 1362 iliagiza Kiingereza kitumike katika mashauri ya mahakama, lakini kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini. Kwa hiyo umbo la Kifaransa katika hati ya karne ya 13 ni ushahidi wa lugha ya karani kwanza. Kuwa ushahidi wa lugha ya mwenye jina kunahitaji kuthibitishwa kwa namna nyingine.

5.0 Jina na Nasaba

Mtego mkubwa zaidi ni ule wa kuliona jina kama cheti cha damu. Historia ya jina Percy inatosha kuonesha hatari hiyo. William wa Percy anatajwa katika Kitabu cha Domesday akiwa na ardhi nyingi kaskazini. Katika karne ya 12 mstari wa kiume wa ukoo wake ulikatika, na mrithi Agnes akaolewa na Josceline wa Louvain, mtu wa Brabant. Watoto wao walichukua jina la mama yao, na kutoka kwao wametoka Percy wa Northumberland waliopata umaarufu katika vita vya mpakani na Uskoti. Baada ya karne kadhaa mstari huo nao ulikatika. Mwaka 1750 Hugh Smithson, mume wa mrithi Elizabeth Seymour, alibadilisha jina lake na kuwa Percy, na mwaka 1766 akafanywa Duki wa Northumberland.

Smithson lina maana ya 'mwana wa mhunzi', na ni jina la Kiingereza kitupu. Liliachwa ili jina la kijiji cha Normandy liendelee kusikika. Hata hivyo halikupotea: James, mwana wa nje wa Duki huyo, ambaye hakuwa na haki ya jina Percy, baadaye alilichukua jina Smithson, na mali aliyoiusia Marekani ndiyo iliyoanzisha taasisi ya Smithsonian mjini Washington mwaka 1846. Baba alipanda kwa jina la Kinormani. Mwana, aliyenyimwa jina hilo, aliacha la Kiingereza likiandikwa juu ya jumba la elimu.

Tamaa ya asili ya Kinormani ilizaa pia ushahidi wa kughushi. Orodha inayojulikana kwa jina la Abasia ya Battle ilidaiwa kuwataja waliopigana Hastings. Nakala zake zilizopo ni za karne nyingi baada ya vita, zinatofautiana, na ziliingizwa majina ya koo zilizotaka heshima. Mwaka 1931 bamba la shaba lenye majina 315 liliwekwa katika ngome ya Falaise, alikozaliwa William, ilhali watu ambao ushahidi wa wakati ule unathibitisha kuwapo kwao vitani ni wachache mno. William Camden, aliyeandika juu ya majina mwaka 1605, alitambua wingi wa majina yaliyotoka vijiji vya Normandy, na tangu wakati wake wataalamu wamelazimika kuyatenganisha na madai ya wenye majina. Katika karne ya 19 baadhi ya watu walijirudishia 'de' ambayo pengine haikuwahi kuwa yao. Mwaka 1835 Charles Tennyson, baba mdogo wa mshairi, aliongeza d'Eyncourt kwenye jina lake kwa kibali cha mfalme. Riwaya ya Thomas Hardy ya mwaka 1891 kuhusu Tess imejengwa juu ya balaa hilohilo: mchuuzi maskini anaambiwa kwamba jina lake Durbeyfield ni d'Urberville lililochakaa, na binti yake ndiye anayelipa gharama ya habari hiyo.

Aidha, si kila jina la Kifaransa lililopo Uingereza ni la Kinormani. Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, hasa baada ya mwaka 1685, walileta majina kama Olivier, Bosanquet na Courtauld. Majina haya ni ya Kifaransa kwa lugha na kwa nasaba, lakini yalifika zaidi ya miaka 600 baada ya Hastings.

Pamoja na tahadhari zote hizi, jina si ushahidi usio na thamani. Mwanauchumi Gregory Clark, katika kitabu chake cha mwaka 2014, alionesha kwamba majina ya ukoo ya wamiliki wa ardhi wa Domesday yameendelea kwa karne nyingi kuonekana katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge kuliko wingi wao katika jamii unavyotarajiwa. Uchunguzi wa namna hiyo unawezekana kwa sababu umeteua majina adimu yenye kiungo na tabaka mahususi. Ungetumia Williams, Robinson na Taylor, ambayo nayo yana mizizi ya Kinormani, usingepima chochote. Mafanikio ya hoja yametegemea usahihi wa kundi lililoteuliwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa majina ya ukoo ya Kiingereza yenye mizizi ya Kinormani si kundi moja. Majina ya mahali huelekeza kwenye kijiji cha ng'ambo, lakini huweza kubebwa na warithi wasio na damu ya mmiliki wa kwanza. Majina yatokanayo na majina binafsi huelekeza kwenye mtindo ulioenea miongoni mwa wenyeji wenyewe. Majina yenye Fitz huonesha mfumo wa kutaja baba ulioigwa hata na wasio Wanormani. Majina ya kazi na ya lakabu huelekeza kwenye lugha ya jumba la bwana na ya karani.

Inafuata kwamba mchunguzi wa jina lolote la aina hii anapaswa kutoa majibu matatu yaliyotenganishwa: lugha ya mzizi, njia ya kuingia, na nasaba ya mrithishaji wa kwanza pale hati zinapoithibitisha. Majibu mawili ya kwanza mara nyingi hupatikana kwa uchambuzi wa lugha. La tatu hupatikana kwa hati za ardhi, za ndoa na za mirathi, kizazi baada ya kizazi, na pale mnyororo wa hati unapokatika, dai la nasaba nalo linakatika, hata kama jina linaendelea.